Soko la hisa likiporomoka: anayeuza kwa hofu, anayelazimishwa kuuza, na anayebaki

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila bei za hisa zikishuka wiki mbili mfululizo, swali linalotawala ni moja: "Limefika chini au bado?" Naomba leo tuliweke pembeni. Hakuna anayelijua jibu lake kwa wakati unaofaa. Swali lenye kazi ni jingine: hela uliyoweka kwenye hisa utaihitaji lini, na je, kuna mtu mwenye uwezo wa kukulazimisha uuze kabla ya siku hiyo? Wawekezaji wawili wanaweza kushika hisa zilezile, zikashuka kwa kiasi kilekile, mmoja akatoka salama na mwingine akapoteza kila kitu. Mara nyingi tofauti yao ilishawekwa kabla bei hazijaanza kuteremka.

Nianze na wanaolazimishwa, kwa sababu hao ndio huzipa bei kasi ya kushuka, na ndio tunaowasahau tunapozungumzia hofu ya wawekezaji.

Wa kwanza ni aliyenunua kwa mkopo wa dalali. Marekani ya miaka ya 1920 mtu aliweza kununua hisa kwa kutoa asilimia 10 tu ya bei, iliyobaki akakopa. Hisa ikishuka asilimia 10, mtaji wake wote umekwisha, na dalali anauza dhamana ili kuokoa hela yake. Mauzo hayo yanashusha bei, bei inamfikia mkopaji mwingine, naye anauziwa. Dow Jones, fahirisi (yaani kipimo cha bei za hisa za kundi la kampuni) ya soko la Marekani, ilikuwa 381 tarehe 3 Septemba 1929. Tarehe 8 Julai 1932 ilifunga kwenye 41. Hilo ni anguko la asilimia 89.

Siku hizi kanuni ni kali zaidi, ila hesabu haijabadilika. Kwa Marekani, anayenunua hisa kwa mkopo anatakiwa aweke angalau nusu ya bei, na baada ya hapo mtaji wake usiwe chini ya asilimia 25 ya thamani ya hisa alizonazo. Chukua mtu mwenye milioni 10. Amekopa milioni 10 nyingine, amenunua hisa za milioni 20. Zikishuka kwa theluthi moja zinabaki na thamani ya milioni 13.3. Deni bado ni milioni 10, kwa hiyo chake ni milioni 3.3, yaani robo kamili. Zikishuka hata kidogo zaidi anatakiwa aongeze hela, na asipoongeza hisa zake zinauzwa bila yeye kuombwa ruhusa.

Sasa peleka hesabu hiyo mwaka 2020. Fahirisi ya S&P 500, inayopima kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ilifika kilele tarehe 19 Februari, ikafika chini kabisa tarehe 23 Machi, ikiwa imepoteza karibu asilimia 34. Theluthi moja ni asilimia 33.3. Kwa maana hiyo, aliyenunua fahirisi hiyo kileleni kwa mkopo wa juu kabisa unaoruhusiwa angefikiwa na mkono wa dalali siku ileile ambayo bei zilikuwa chini kuliko siku zote za anguko lile. Madalali wengi huweka kiwango kikali kuliko hicho cha kikanuni, hivyo wateja wao wangeondolewa siku kadhaa kabla. Ilipofika tarehe 18 Agosti mwaka huohuo, fahirisi ilikuwa imekivuka kilele cha Februari. Mwenye hela yake mwenyewe alisubiri miezi sita. Aliyekopa hakuwa tena na hisa za kusubiria. Wote wawili walikuwa sahihi kuhusu soko, na usahihi huo haukumsaidia wa pili kwa lolote.

Wa pili ni meneja wa mfuko wa pamoja. Wenye vipande wakikimbilia kutoa hela, meneja lazima awalipe, na ili awalipe anauza. Anauza nini? Kile chenye mnunuzi wa haraka, ambacho kwa kawaida ni hisa za kampuni bora. Ndiyo maana siku za mporomoko mkubwa hisa nzuri na mbaya huteremka pamoja, na mtu anabaki anashangaa kampuni yenye faida safi imekosa nini. Haijakosa kitu. Machi 2020 hali ilifika mahali ambapo hata dhahabu na hatifungani (hati za mkopo zinazolipa riba) za serikali ya Marekani ziliuzwa, kwa sababu kila mmoja alitaka fedha taslimu. Tarehe 23 Machi benki kuu ya Marekani ikatangaza kwamba itanunua hatifungani kwa kiasi chochote kitakachohitajika, na ndiyo siku soko lilipogusa chini.

Wa tatu ni mtu wa kawaida aliyepoteza kipato. Uchumi ukidorora, hisa na ajira hushuka katika msimu mmoja. Mtu asiye na akiba ya dharura atauza hisa zake kwa bei yoyote, kwa sababu kodi ya nyumba na karo havisubiri soko lirudi. Huyu hakuogopa hata kidogo, na ushauri wa "vumilia" kwake ni matusi.

Baada ya hao ndipo tuje kwenye hofu yenyewe.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huumizwa na hasara kuliko anavyofurahishwa na faida ya kiasi hichohicho, na makadirio yao ya baadaye yaliweka uzito wa hasara kuwa kama mara mbili. Wengi husikia hilo wakadhani mwekezaji mwoga huuza mapema. Mara nyingi kinachotokea ni kinyume. Mwaka 1985 Hersh Shefrin na Meir Statman walieleza kwamba wawekezaji huuza haraka hisa zenye faida na kung'ang'ania zenye hasara. Terrance Odean akaja mwaka 1998 na rekodi za akaunti 10,000 za dalali mmoja wa Marekani, akakuta jambo hilohilo. Kibaya zaidi, kwa wastani zile hisa walizoziuza zilifanya vizuri katika mwaka uliofuata kuliko zile walizozishikilia.

Kwa hiyo safari ya mwekezaji wa kawaida kwenye mporomoko mrefu huwa hivi. Bei zikishuka asilimia 10 anasema ni za muda. Zikifika asilimia 20 anasema, "Nikirudisha hela yangu tu, natoka." Hapo ndipo pa kuwa makini, maana bei uliyonunulia ipo kwenye kumbukumbu yako peke yako. Soko haliijui na wala halina sababu ya kuirudia. Zikifika asilimia 35, habari zote ni mbaya, wenzake wameshatoka, usingizi umeisha, na ndipo anauza. Alichelewa kwa sababu ya kuchukia hasara, na aliuza kwa sababu ya kuchukia hasara. Hisia ni moja, imempiga mara mbili.

Na kuuza ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni kurudi. Tazameni siku kubwa za kupanda zinapotokea. Tarehe 13 Oktoba 2008 S&P 500 ilipanda asilimia 11.6 kwa siku moja, na tarehe 28 ya mwezi huohuo asilimia 10.8. Ilikuwa katikati ya msukosuko, wiki chache baada ya benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers kufilisika. Tarehe 24 Machi 2020, siku moja baada ya kugusa chini, ilipanda asilimia 9.4. Aprili 2025, baada ya tangazo la ushuru la Marekani, soko lilipoteza zaidi ya asilimia 10 kwa siku mbili, tarehe 3 na 4, kisha tarehe 9 likapanda asilimia 9.5. Siku mbaya sana na siku nzuri sana huja zikiwa zimekaribiana, na aliyekimbia ile ya kwanza kwa kawaida haikuti ya pili.

Ila msikimbilie kusema siku ya kupanda ni dalili kwamba yameisha. Zile mbili za Oktoba 2008 zilikuja kabla ya chini yenyewe, iliyofika tarehe 9 Machi 2009. Kati ya kilele cha Oktoba 2007 na siku hiyo, fahirisi ilishuka asilimia 57. Anayeuza siku ya kushuka na kununua siku ya kupanda anajikuta ameuza chini na kununua juu, mara kadhaa ndani ya msimu mmoja.

Karibuni tujadili. Wenye mawazo tofauti ndio nawahitaji zaidi.

#2

Mkuu, umeandika kwa kina, lakini nina neno. Mifano yako yote inaishia na soko kurudi haraka. Miezi sita, miaka michache. Mbona hujaitaja Japani? Fahirisi ya Nikkei ilifunga mwaka 1989 kwenye 38,915. Machi 2009 ilikuwa chini ya 7,100. Ilikivuka kile kilele cha 1989 tarehe 22 Februari 2024. Miaka 34! Mtu aliyenunua akiwa na miaka 35 alikuwa anakaribia 70.

Na hiyo Dow Jones ya 1929 uliyoitaja, ilirudi pale ilipokuwa mwezi Novemba 1954. Nasdaq, fahirisi ya Marekani yenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika kilele Machi 2000, ikaporomoka asilimia 78 hadi Oktoba 2002, ikarudi Aprili 2015. Huu wimbo wa "shikilia tu, soko hurudi" umewaumiza watu kwa sababu unaimbwa bila kutajwa muda. Kurudi baada ya miaka 25 ni kurudi kwa nani?

#3 – Mleta uzi

Mkuu #2, nakushukuru kwa hili, na nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Ndiyo maana swali langu la kwanza lilikuwa "utaihitaji lini" na sikusema "shikilia".

Niongeze mambo mawili juu ya tarehe zako. Hizo zote zinampima mtu aliyeweka hela yake yote siku moja, na siku hiyo ikawa ya kilele. Watu wachache huwekeza hivyo. Anayeweka kiasi kila mwezi kutoka kwenye mshahara alinunua Nikkei ikiwa 38,000, akainunua ikiwa 20,000, akainunua sana ikiwa kati ya 8,000 na 15,000, kwa sababu ilikaa huko miaka mingi. Wastani wake wa bei ulikuwa mbali chini ya kilele, naye alianza kuona faida muda mrefu kabla ya 2024. Pia zile ni bei tupu, bila gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Aliyepokea gawio na kulirudisha kwenye hisa alifika mapema kuliko fahirisi inavyoonyesha. Kwa miaka ya 1930 kuna la ziada: bei za bidhaa nazo zilikuwa zimeshuka, hivyo hela iliyobaki ilinunua vitu vingi zaidi.

Hayo hayafuti hoja yako. Japani ya 1989 hisa zilikuwa zimepanda bei mbali mno na faida za kampuni zenyewe, na anguko linaloanzia huko juu huchukua muda mrefu kupona kuliko anguko la ghafla lililoikuta bei ikiwa ya wastani. Aliyekuwa na hisa za nchi moja tu alikuwa ameiamini nchi hiyo kupita kiasi. Mtu mwenye hisa za nchi nyingi hakusubiri miaka 34.

#4

Mnazungumzia fahirisi tu. Wengi wetu tuna hisa za kampuni mbili tatu. Fahirisi ikirudi haina maana kwamba hisa yako nayo itarudi.

#5

Naunga mkono #4, na hili ndilo naona lingepewa nafasi kubwa zaidi kwenye uzi.

Fahirisi hurudi kwa sababu inajisafisha yenyewe. Kampuni iliyokufa inatolewa, iliyokua inaingizwa. Mkoba wako, yaani hisa zote ulizonazo, hauna wa kuusafisha. Lehman Brothers haikurudi mwaka 2013 pamoja na S&P 500. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilifilisika Desemba 2001, na wafanyakazi wake wengi walikuwa wameweka akiba zao za kustaafu kwenye hisa za kampuni hiyohiyo iliyokuwa ikiwalipa mshahara. Ajira na akiba vikaondoka kwa pamoja.

Utasikia watu wanataja Amazon, kwamba ilishuka zaidi ya asilimia 90 kati ya mwisho wa 1999 na 2001, na leo ipo pale ilipo. Ni kweli. Lakini wakati huohuo kampuni nyingi za intaneti zilishuka asilimia 90 kisha zikashuka asilimia 10 zilizobaki. Aliyekuwa ndani mwaka 2001 hakuwa na namna rahisi ya kutofautisha.

Kwa hiyo kwa mwenye hisa za kampuni mojamoja, kukaa bila kufanya lolote si uvumilivu, ni uzembe. Bei ikishuka, fungua hesabu za kampuni. Ina deni kiasi gani, na linaiva lini? Fedha taslimu inazozalisha zinatosha kulipa riba hata mauzo yakipungua kwa robo? Gawio linatoka kwenye faida au kwenye mkopo? Kampuni isiyo na deni kubwa inaweza kupita miaka miwili mibaya ikasimama. Yenye deni linaloiva mwakani, wakati benki hazikopeshi, inaweza kuzikwa hata kama biashara yake ni nzuri. Mleta uzi amesema mwekezaji mwenye mkopo hulazimishwa kuuza chini. Kampuni nazo zipo hivyohivyo: yenye madeni hulazimika kutoa hisa mpya kwa bei ya chini ili ipate hela, na sehemu yako inamegwa.

Swali langu la kupima ni hili. Kama leo nisingekuwa na hisa hii, ningeinunua kwa bei ya sasa? Jibu likiwa hapana, na sababu ipo kwenye hesabu za kampuni, nauza hata kwa hasara, wala siangalii nilinunua shilingi ngapi.

#6

Mimi nina fedha taslimu na nasubiri. Lishuke lote, likifika chini ndipo niingie. Sioni sababu ya kununua kitu ambacho kesho kitakuwa rahisi zaidi.

#7

Mkuu #6, tatizo la mpango wako ni kwamba siku ya chini haina tangazo.

Katikati ya Oktoba 2008, Warren Buffett aliandika kwenye New York Times kwamba ananunua hisa za Marekani kwa hela yake binafsi. Mtu mwenye uzoefu kuliko sisi sote humu. Baada ya hapo S&P 500 ilishuka tena kwa zaidi ya robo hadi Machi 2009. Hakuipata siku ya chini, na wala hakudai anaijua. Alichokuwa nacho ni hela isiyo na deni wala haraka.

Tena angalia jinsi hali ilivyokuwa soko lilipogeuka. Machi 2009 ajira Marekani zilikuwa bado zinapotea, na ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 mwezi Oktoba mwaka huo, wakati S&P 500 ilishapanda zaidi ya asilimia 50 kutoka chini. Mwaka 2020 vilevile: takwimu za ajira zilizotisha kuliko zote ni za mwezi Aprili, soko limeshageuka tangu Machi. Bei za hisa hutangulia habari. Anayesubiri habari nzuri ndipo anunue, atazikuta bei zimeondoka. Na anayesubiri lishuke zaidi, likianza kupanda atasema ni danganya toto, litashuka tena. Likipanda zaidi atasema sasa ni ghali.

Ukitaka kutumia hizo fedha, zigawe mafungu sita au nane, panga tarehe, nunua tarehe zikifika bila kuangalia kichwa cha habari. Hutapata bei ya chini kabisa. Utapata wastani, na utalala.

#8

Samahani kwa swali la pembeni: kwa nini siku nyingine soko linasimamishwa kabisa? Haiwi kama kuwafungia watu ndani?

#9 – Mleta uzi

Mkuu #8, utaratibu huo ulitokana na tarehe 19 Oktoba 1987, Dow Jones iliposhuka asilimia 22.6 kwa siku moja. Taasisi kubwa zilikuwa na programu za kompyuta za kulinda mikoba yao, zilizouza zaidi kadiri bei zilivyoshuka. Wengi walikuwa na mpango mmoja kwa wakati mmoja, na wa kuwanunulia hakuwepo. Leo Marekani S&P 500 ikishuka asilimia 7 biashara inasimama dakika 15, ikifika asilimia 13 inasimama tena dakika 15, na ikifika asilimia 20 soko linafungwa hadi kesho yake. Machi 2020 ule mkatizo wa kwanza ulitokea siku nne: tarehe 9, 12, 16 na 18. Wapo wanaosema unawafanya watu wakimbilie mlango kabla haujafungwa. Naiona hoja hiyo, ila bado naona dakika 15 za kufikiri zina faida kwa mtu aliyekuwa anabonyeza tu.

#10

Habari zenu wanangu. Mimi ni mama ninayekaribia kustaafu, na sehemu kubwa ya akiba yangu ipo kwenye mfuko wa hisa. Nimesoma yote. Nyote mnazungumzia kusubiri, lakini mimi nitaanza kutoa hela mwakani. Nifanyeje soko likishuka?

#11

Shikamoo mama. Swali lako ni zito kuliko yote yaliyotangulia, naomba nilijibu kwa hesabu.

Tuseme una 100, iwe milioni au vyovyote. Kila mwanzo wa mwaka unatoa 6 za matumizi. Ukitoa 6 zinabaki 94. Mwaka huo soko likishuka asilimia 30, unabaki na 65.8. Ili urudi kwenye 100 soko linatakiwa lipande asilimia 52. Asiyetoa chochote angebaki na 70, naye angehitaji asilimia 43. Na mwaka wa pili zile 6 zako si tena asilimia 6 ya akiba, ni zaidi ya asilimia 9. Ukitoa hivyo miaka mitatu mibaya, soko likija kupanda linazikuta hisa zako zimepungua sana, na zilizouzwa hazipandi.

Ndiyo maana wastaafu wawili wanaweza kupata wastani uleule wa faida kwa miaka 20, mmoja akafa ameacha akiba na mwingine akaishiwa njiani, kwa sababu tu wa pili alianza na miaka mibaya. Kijana anayewekeza kila mwezi anafaidika bei zikishuka mapema. Kwako wewe mpangilio huo umegeuka.

Dawa ni kutenga matumizi ya miaka miwili au mitatu nje ya hisa kabla hujaanza kutoa: amana za benki na hatifungani za muda mfupi. Soko likishuka unakula huko, hisa huzigusi. Likipanda unauza kidogo na kujaza tena.

Nasisitiza muda mfupi. Mwaka 2022 watu wengi waliodhani hatifungani ni ngome waliumia. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 4.25 na 4.50 ndani ya mwaka mmoja ili kuzima mfumuko wa bei. Riba ikipanda, hatifungani ya zamani yenye riba ndogo inashuka bei, na ya miaka mingi inashuka zaidi. Hisa na hatifungani za muda mrefu ziliteremka pamoja mwaka ule. Zinazoiva ndani ya mwaka mmoja hazikupata shida hiyo kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu hela yake inarudi upesi.

#12

Naongezea kwa mama na kwa wengine: punguzeni kufungua akaunti kila saa. Shlomo Benartzi na Richard Thaler walilichambua jambo hili mwaka 1995. Soko kwa siku moja linakaribia nusu kwa nusu kushuka au kupanda, lakini kwa mwaka mzima miaka ya kupanda ni mingi kuliko ya kushuka. Kwa hiyo anayeangalia kila siku anaona hasara nyingi zaidi kuliko anayeangalia mara moja kwa mwaka, ilhali mkoba ni uleule. Na anayeona hasara hushikwa na hamu ya kufanya kitu. Brad Barber na Odean walichunguza kaya zaidi ya 66,000 za Marekani kati ya 1991 na 1996: waliofanya biashara mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lilitoa asilimia 17.9.

#13

Hapo kwa mwenye fahirisi sawa. Kwa mwenye hisa za kampuni moja moja, ushauri wa kutoangalia ni hatari, kwa sababu alizosema #5. Angalia hesabu za kampuni kila zinapotoka. Bei ndiyo ya kuacha kuichungulia.

#14

Ahsanteni sana wanangu. #11 nimekuelewa. Swali la mwisho: nikishatenga hizo za matumizi, zile zinazobaki kwenye hisa niziache tu zilivyo soko likishuka?

#15 – Mleta uzi

Mama, hapa kuna kazi ndogo ya kufanya, tena ya kupanga sasa hivi wakati kumetulia.

Amua mgawanyo wako na uandike. Tuseme 60 hisa na 40 hatifungani, kati ya 100. Hisa zikishuka asilimia 30, zile 60 zinakuwa 42. Jumla sasa ni 82, na hisa ni asilimia 51 badala ya 60. Ili urudi kwenye mgawanyo wako unahamisha 7.2 kutoka kwenye hatifungani kwenda kwenye hisa: zinakuwa 49.2 na 32.8. Hapo umenunua hisa zikiwa chini bila kuhitaji kujua kama zimefika chini. Zikija kupanda, mgawanyo unaelemea upande wa hisa, nawe unauza kidogo na kurudisha. Fanya mara moja kwa mwaka, au pale mgawanyo unapopotoka kwa pointi 5 au zaidi. Angalia kwanza ada za mfuko wako, maana nyingine hutoza kila unapohamisha.

Ila hizo 7.2 zisitoke kwenye fungu lako la matumizi ya miaka miwili au mitatu. Hilo halihesabiwi kabisa kwenye mgawanyo. Na kama kuhamisha hela kuingia kwenye hisa zilizoshuka kutakukosesha usingizi, basi 60 ni nyingi kwako. Anza na 40, au 30, ukijua kwamba utakua polepole zaidi na mfumuko wa bei utakugusa zaidi.

Tuambie matumizi yako ni asilimia ngapi ya akiba kwa mwaka, na kama una pensheni ya kila mwezi nje ya mfuko huu. Kama pensheni inabeba chakula na matibabu, fungu la pembeni linaweza kuwa dogo, na hesabu ya #11 inabadilika sana.